Pikipiki iliyotumika: kuchagua na kununua

Pikipiki iliyotumika ni pikipiki inayouzwa baada ya kupita mikononi mwa mmiliki mmoja au zaidi. Kwa Tanzania na Kenya maana hiyo haijitoshelezi, kwa kuwa nyingi kati ya zinazouzwa mara ya pili zimetoka katika kazi ya bodaboda. Zimebeba abiria, magunia ya mkaa, kreti za soda na mitungi ya gesi tangu alfajiri hadi usiku, mara nyingi chini ya madereva kadhaa. Mtu anayeanza kuendesha huvutwa na rangi, tenki na siti, na hivyo vitatu ndivyo vinavyobadilishwa kwa urahisi siku moja kabla ya kuuza. Anachokilipia hasa ni kazi ambayo chombo kimekwisha kuifanya, pamoja na haki ya kukimiliki. Vyote viwili vinaweza kusomwa, mtu akijua pa kutazama.

Asili ya pikipiki zilizopo sokoni

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa modeli ya CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito na oili huchelewa kubadilishwa. Injini yake haina cheni ya taimingi. Valvu husukumwa na fimbo mbili za chuma, na kila kitu ndani yake kinafikika kwa spana chache. Viwanda vya China viliiga injini hiyo, na nakala zake zenye majina mengi ndizo zilizojaza barabara za Afrika Mashariki bodaboda ya injini ilipoanza kushamiri. Baadaye zikaja kwa wingi za India: Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS, zenye injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150. Kwa mnunuzi historia hii ina faida ya moja kwa moja. Pikipiki za jamii hizo zina spea katika kila mji mdogo, na fundi aliye chini ya mwembe anazijua kwa kupapasa. Modeli adimu kutoka Japani, hata ikiwa nzima na ya bei ya kuvutia, humweka mgeni katika mateso ya kuagiza kabureta kutoka mbali.

Nchini Tanzania pikipiki ya biashara huendeshwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni hesabu: dereva humpelekea bosi kiasi fulani kila siku, na pikipiki hubaki ya bosi. Ya pili ni mkataba, ambapo dereva hupeleka fedha kwa muda uliokubaliwa, mara nyingi mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha pikipiki huwa yake. Tofauti hii huonekana ndani ya injini. Dereva wa mkataba hubadilisha oili kwa wakati kwa sababu anaitunza mali itakayokuwa yake. Dereva wa hesabu, na zaidi yule wa deiwaka anayeishika kwa siku moja tu, hana sababu hiyo. Swali la kwanza kwa muuzaji basi liwe ni nani aliyekuwa akiiendesha na kwa makubaliano gani. Mwaka wa kununuliwa unaweza kusubiri.

Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi hazitoshi kuwa ushahidi. Katika modeli nyingi za bei nafuu, kilomita huhesabiwa kwa waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele. Waya ukikatika, au ukichomolewa, pikipiki huendelea kwenda na namba husimama. Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hufikisha kilomita 30,000 kwa mwaka mmoja, hivyo pikipiki ya miaka mitatu inayoonyesha 14,000 inadai maelezo. Ushahidi bora uko kwenye raba. Raba za kukanyagia za abiria zikiwa zimelika kuliko za dereva, pikipiki hiyo ilikuwa bodaboda, hata muuzaji akiapa kwamba alikuwa akiendea shambani tu. Kanyagio la gia lililong'aa, kiki iliyolegea na vishikio vilivyokuwa laini husema jambo hilohilo.

Nyaraka

Kadi huangaliwa kabla ya injini, kwa sababu injini mbovu hutengenezeka, na pikipiki ya wizi haitengenezeki. Tanzania Bara usajili uko chini ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na namba za pikipiki huanza na herufi MC. Kenya uko chini ya mamlaka ya usafiri na usalama (NTSA), na namba huanza na KM. Kadi ya Tanzania inabeba jina la mmiliki, namba ya injini na namba ya chesisi. Namba ya chesisi huwa imegongwa kwenye shingo ya usukani. Ifutwe kwa kitambaa chenye petroli, kisha isomwe tarakimu moja baada ya nyingine huku kadi ikiwa mkononi. Chuma kilichosagwa, tarakimu zisizolingana kimo, au rangi mpya iliyopakwa mahali hapo pekee ni sababu tosha ya kuaga na kuondoka.

Namba hiyo ya chesisi, ambayo kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17, hutoa habari nyingine pia. Ikianza na L chombo kimetengenezwa China, ikianza na M kikifuatiwa na herufi A hadi E ni India, na J ni Japani. Kwa watengenezaji wengi nafasi ya kumi huonyesha mwaka wa modeli: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022. Herufi I, O na Q hazitumiki ili zisichanganywe na tarakimu.

Tatizo linalowaumiza wanunuzi wengi zaidi ni la mlolongo. Muuzaji aliuziwa na mtu, naye aliuziwa na mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuhamisha umiliki. Kadi bado ina jina la mtu wa kwanza, aliyehamia mkoa mwingine. Kisheria huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye mali, na ndiye anayepaswa kusaini. Mnunuzi aombe kuonana naye ana kwa ana akiwa na kitambulisho chake cha taifa, na kama amefariki, aonane na msimamizi wa mirathi. Muuzaji akisema mwenye kadi yuko mbali lakini hana tatizo, pikipiki hiyo isubiri hadi atakaporudi.

Kadi iwe halisi, isiwe nakala. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji hushikilia kadi hadi deni liishe. Kenya ni kawaida jina la mkopeshaji kuandikwa pamoja na la mkopaji katika hati ya umiliki. Kadi inayosemekana kupotea huenda iko kwenye kabati la mkopeshaji. Faini za barabarani nazo huifuata pikipiki: Tanzania madeni hayo huonekana katika mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya usajili, kazi ya dakika mbili kwenye simu.

Injini

Muuzaji aombwe mapema asiiwashe pikipiki kabla mnunuzi hajafika. Mnunuzi akifika aguse injini kwa kiganja; ikiwa ya moto, imewashwa ili ifiche ugumu wake wa asubuhi. Injini nzima ikiwa baridi huwaka kwa kiki moja hadi tatu, pengine kwa msaada wa choki. Ijaribiwe kwa kiki hata kama selfu inafanya kazi, kwa sababu betri mpya huweza kuibeba injini dhaifu.

Kisha watu wasimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu usiokoma unaonyesha oili inaungua, na chanzo ni ringi na silinda zilizolika au sili za valvu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Hilo ni jambo la kabureta au chujio la hewa, nalo hurekebishwa kwa gharama ndogo. Moshi mweupe kidogo asubuhi yenye baridi ni mvuke, haudhuru. Oili ikaguliwe pia: iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Ikiwa nzito kupita kiasi, yafaa kushuku, kwani wapo wanaotia oili nzito ili kuzima kelele za kugonga za injini kwa siku ya mauzo.

Neno linalopendwa na wauzaji ni kwamba injini haijafunguliwa. Boliti husema zaidi: zilizofunguliwa mara nyingi hupoteza pembe zake, na silikoni huonekana imetokeza kwenye maungio. Hata hivyo injini iliyofunguliwa isikataliwe kwa hilo peke yake. Injini iliyovishwa pistoni na ringi mpya na fundi makini ni salama kuliko ile ambayo haijaguswa kwa kilomita 50,000. Swali ni bloku imechongwa mara ngapi. Kila inapochongwa huvishwa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa hatua za robo milimita, na ikishafika ukubwa wa mwisho kinachobaki ni kununua bloku nyingine au kuweka silivu mpya. Muuzaji mwaminifu hukumbuka pistoni yake ni ya ukubwa gani, na fundi wake hukumbuka vizuri zaidi.

Chesisi, magurudumu na breki

Injini ikifa humwacha mtu barabarani. Chesisi ikipasuka, au breki ikikataa, inaweza kumuua. Kwa hiyo inashangaza kwamba wanunuzi wengi huinama kusikiliza injini kwa nusu saa na kuzitazama sehemu hizi kwa nusu dakika.

Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa mahali tambarare na itazamwe kutoka nyuma: tairi mbili zikae katika mstari mmoja. Alama za kulehemu zitafutwe shingoni, chini ya siti na kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Keria iliyobebeshwa mizigo kwa miaka huacha nyufa nyembamba chini ya rangi, hasa karibu na vishikio vya shokapu. Gurudumu la mbele likiwa juu, usukani ugeuzwe polepole huku na huku. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Mkono wa nyuma ukivutwa kando usicheze. Spoku zigongwe kwa spana, na ile inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea.

Cheni ivutwe kutoka nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana nayo zaidi ya nusu ya jino, imekwisha, na meno yaliyopinda kama kulabu yanataka seti nzima. Kwenye breki za ngoma, mkono wa breki mara nyingi una mshale mdogo. Breki ikikanyagwa mshale ukafika kwenye alama, viatu vimekwisha. Tairi huangaliwa kashata na pia umri: kwenye ubavu kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pwani na visiwani, kuanzia Mombasa hadi Zanzibar na Mtwara, chumvi hula rimu na sehemu ya chini ya tenki. Kifuniko kifunguliwe na ndani pamulikwe kwa tochi.

Kinachomfaa anayeanza

Pikipiki ya 100 hadi 125 inamtosha kabisa anayejifunza. Ya 150 inakubalika kwa mtu wa milimani au mwenye mwili mkubwa. Muhimu kuliko ujazo ni nyayo kufika chini, angalau sehemu za mbele za miguu yote miwili, na uwezo wa kuisukuma kilo 120 hivi kurudi nyuma bila kuyumba. Kijana anayeanzia kwenye 250 kwa kuwa kaipata kwa bei ya kutupa hujifunza kushika breki na kupiga kona huku akiogopa nguvu ya chombo chake. Leseni ni ya daraja A kwa Tanzania, na mafunzo yatangulie ununuzi.

Hata hivyo anayeanza bado hana uzoefu, kwa hiyo asiijaribu mwenyewe barabarani. Amchukue fundi asiyejuana na muuzaji wala dalali, ampe haki yake ya jasho, na amwache aiendeshe. Fundi atapanda mlima kwa gia ya tatu: injini ikinguruma zaidi bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Atasikiliza kama gia ya pili inaruka. Kwenye sehemu tupu atalegeza mikono kidogo ajue kama pikipiki inavuta upande mmoja.

Bei na makabidhiano

Maelewano ya bei huanza na karatasi ya fundi. Cheni na sproketi, tairi, viatu vya breki na betri vihesabiwe kwa bei ya duka la spea, jumla iwekwe juu ya bei ya muuzaji, kisha ilinganishwe na ya pikipiki mpya ya aina hiyohiyo. Tofauti ikiwa ndogo, kudunduliza miezi michache zaidi ni uamuzi wa busara. Ada za kuhamisha umiliki na bima ziingie humo humo, na kofia ngumu mpya pia, kwa kuwa kofia iliyokwisha kuanguka haionyeshi kwa nje kama imepasuka ndani.

Hati ya mauziano iandikwe mbele ya wakili, au angalau ofisi ya serikali ya mtaa na mashahidi, ikiwa na namba zote za chombo, picha za pande zote mbili, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina kazi yake: ajali au kosa lililotokea asubuhi hiyo lisimwangukie aliyenunua alasiri. Malipo yapitie benki au simu ili yaache kumbukumbu, na umiliki uhamishwe wiki hiyohiyo, muuzaji akiwa bado anapokea simu.

Siku ya kwanza nyumbani oili hubadilishwa, takriban lita moja kwa injini nyingi za jamii hii. Ile ya zamani humwagwa ikiwa ya moto kupitia kitambaa cheupe. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa na kukwaruza kidole vinatoka kwenye gia au beringi, na fundi huitwa kabla pikipiki haijawashwa tena.