Neno Moja la Unyevu

Ajifunzaye Kiingereza huambiwa mapema kwamba neno damp maana yake ni unyevu: nguo isiyokauka, au ukuta ulioota ukungu. Lakini neno hili halikuzaliwa majini. Ni ndugu wa neno la Kijerumani Dampf, yaani mvuke, na katika Kiingereza cha kabla ya mwaka 1500 lilikuwa jina la hewa mbaya iletayo madhara.

Maana hiyo ya zamani ilitunzwa na wachimbaji wa makaa ya mawe. Hewa iwakayo waliiita fire-damp, yaani damp ya moto. Hiyo ndiyo methani, nayo ikichanganyika na hewa ya kawaida kwa kadiri ya sehemu 5 hadi 15 katika 100, hulipuka kwa cheche moja. Black-damp, ile nyeusi, huzima taa na kumkaba mtu pumzi. Na after-damp ni hewa ya sumu ibakiayo baada ya mlipuko, nayo huwaua waliosalimika na moto.

Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling, kaskazini ya Uingereza, ulilipuka, wakafa watu 92, miongoni mwao watoto. Mchimbaji hawezi kazi pasipo taa, na taa yake ndiyo iliyokuwa adui yake. Mwaka 1815 Humphry Davy akaonyesha kwamba mwali ukizungushiwa wavu mwembamba wa waya, wavu huuchukua ule ujoto, hata moto usipite nje. Tena mwali uvaapo kilemba cha buluu, mchimbaji hujua kwamba hatari imekaribia.

Kutokana na maana hiyo ya kukaba, Waingereza husema ku-damp moto, yaani kuufifiza. Na katika piano, damper ndiyo inyamazishayo waya. Maana ya unyevu ilikuja baadaye, ikazifunika nyingine.

Kiswahili nacho kina mfano wake. Rutuba kwa Kiarabu ni unyevu. Kwetu imekuwa nguvu ya udongo uzaao. Neno lao lilitoka katika mauti likaja ukutani. Letu lilitoka katika maji likaja shambani.

Basi afasiriye kitabu cha migodi, akaandika "unyevu wa moto," hakukosea neno tu. Amewaficha wachimbaji hatari iliyo mbele yao.