Kufunga chombo gatini

Kufunga chombo gatini ni kukizuia chombo kilichotia gati kisisogee, kwa kamba zinazokishikanisha na nguzo au pete za gati. Kamba ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma) hushika ncha mbili za chombo, lakini kazi kubwa, ingawa wengi huisahau, ni ya kamba za mshazari: moja hutoka omoni ikarudi nyuma hadi gatini, nyingine hutoka tezini ikaelekea mbele. Hizi ndizo zinazozuia chombo kisiende mbele wala nyuma.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, hesabu ngumu ni ya maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Zanzibar hufikia karibu mita 4. Chombo kilichofungwa kwa kamba fupi maji yakiwa yamejaa huning'inia yakitoka, hadi kamba ikatike au kifungio cha sitaha king'oke. Ndiyo maana hupendelewa kamba ndefu, na mtu wa zamu wa kulegeza na kukaza.

Zamani zilitumika kamba za makumbi ya nazi. Nailoni ya leo hunyumbuka na kupunguza mshtuko wa mawimbi, lakini ikikatika hurudi kwa kasi inayoweza kuua. Mtu asisimame kabisa kwenye njia yake.

Vitanzi vya kamba mbili vikigawana nguzo moja, cha pili hupitishwa kwanza ndani ya cha kwanza kutoka chini, ndipo kikavikwa nguzoni. Hapo chochote huweza kutolewa bila kugusa kingine.