Upepo Uchukuao Mzigo: Historia ya Tairi Katika Nchi ya Ufipa

Wasikilizaji wetu wa Ufipa, na ninyi wanafunzi mtakaoyasoma haya kitabuni, bila shaka mmepata kuona, hasa wakati wa kiangazi, magari makubwa mno yapitayo Sumbawanga yakitoka Tunduma na kuelekea mbuga ya Katavi. Ndani yake mna vitanda, jiko, tangi la maji na kabati za nguo. Kwa neno moja, ni nyumba za magurudumu. Watoto huyakimbilia wakachungulia madirishani. Leo twapenda tutazame chini, penye matairi, kwa kuwa historia yake imeigusa nchi yetu kwa karibu kuliko wengi wadhanivyo. Na aijuaye hadanganyiki upesi apandapo basi au akodipo lori la kuchukulia mahindi yake.

Zamani mzigo wote wa Ufipa ulikwenda kichwani mwa watu. Majembe ya Wafipa, yaliyofuliwa kwa chuma kilichoyeyushwa katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, yalisafiri kwa miguu ya wanadamu. Mpagazi wa safari alichukua kadiri ya ratli 60, yaani kilo 27. Basi na tufanye hesabu. Nyumba ya magurudumu yenye uzito wa tani 14 ingalitaka wapagazi zaidi ya 500, nao wote wangalitaka kula njiani. Leo mzigo huo huchukuliwa na matairi sita tu. Wala kwa hakika si matairi yauchukuayo, bali ni upepo uliofungwa ndani yake. Tairi ni mfuko tu; upepo ndio mpagazi.

Jambo hili lilichukua miaka mingi kufahamika. Utomvu wa mpira ulikuwa na ila kubwa: juani uliyeyuka, na penye baridi ulikuwa mgumu ukavunjika. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua ya kuwa utomvu huo ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hupata nguvu ya kudumu. Mwaka 1845 Robert Thomson, mtu wa Scotland, akaandikisha gurudumu lenye upepo ndani, lakini watu hawakumjali, likasahauliwa. Kisha mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop alilibuni tena kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya motakaa kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, gari lao likiwa na matairi ya upepo. Walipata pancha nyingi njiani, na watu wakawacheka. Lakini baada ya miaka michache wale waliocheka walikuwa wakinunua matairi hayo hayo.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana furaha ya wapanda baiskeli wa Ulaya ililipiwa na watu wa karibu nasi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile tulionalo tukiwa Kasanga, ilikuwako nchi ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu mwaka 1885 hata 1908. Watu wake walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu wa mimea itambaayo, na kuuleta kwa kipimo walichowekewa. Aliyepunguza alipigwa, wake za watu walishikwa rehani, na askari walikata watu mikono. Vitabu vingi vya historia ya motakaa huipita habari hii kimya. Sisi twaona si haki kumsifu Dunlop tukawasahau wagema wale.

Huku kwetu Wadachi nao walipanda mashamba ya mpira, hasa pande za Tanga na Morogoro, lakini mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu ya mpira mwingi wa Malaya, na mashamba mengi yakaachwa. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya na Java, mipira ikawa adimu duniani, na miti ile iliyosahauliwa ikagemwa tena. Baada ya uhuru kiwanda cha matairi kilijengwa Arusha, nacho kikasimama mwaka 2009.

Mabadiliko makubwa ya Ufipa, hata hivyo, yalikuja na lami. Kwa fedha za msaada wa Marekani, zilizokubaliwa mwaka 2008, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yapata kilomita 224, ilijengwa upya ikatiwa lami. Njia ya udongo ilikuwa mwalimu mkali: ilimlazimisha kila dereva aende polepole. Lami huruhusu mbio, na mbio huzaa joto. Mwanafunzi ajaribu kukunja na kukunjua kipande cha waya upesi upesi. Ataona penye mkunjo pamepata moto. Ndivyo ubavu wa tairi lililopungukiwa na upepo ukunjwavyo kila gurudumu lizungukapo, hata tabaka zake zikaachana na tairi likapasuka.

Nyumba ya magurudumu ina shida yake ya pekee. Lori hushusha mzigo likapumzika; nyumba haishushi kamwe. Tena husimama miezi mingi na kwenda siku chache. Kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kulika: uso waonekana mpya, mikato bado mirefu, lakini ubavuni mna nyufa. Anunuaye asitazame uso peke yake. Na asome ubavu. Tairi lililoandikwa 315/80 R 22.5 lina upana wa milimita 315, kimo cha ubavu ni sehemu 80 katika mia ya upana huo, na rimu yake ni inchi 22.5. Likiandikwa 156/150, maana yake likiwa peke yake huchukua kilo 4,000, na likiwa pacha kilo 3,350. Ziko tena tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Hizo ndizo cheti cha kuzaliwa, na wachuuzi wengine hawapendi uziulize. Baadhi ya watengenezaji hushauri tairi likaguliwe kila mwaka litimizapo miaka mitano, na kuondolewa lifikapo kumi, hata likipendeza machoni.

Kisha gari lipimwe kwenye mizani, kila ekseli peke yake, likiwa limejaa kila kitu. Lita 400 za maji ni kilo 400, wala tairi halitofautishi maji na mawe.

Upepo nao upimwe alfajiri, tairi likiwa baridi. Sumbawanga iko kadiri ya mita 1,800 juu ya bahari, na bonde la Rukwa liko chini yake kwa mita elfu moja hivi. Ratli 110 kwa inchi ya mraba, zilizopimwa Sumbawanga asubuhi ya baridi, zaweza kuonekana zaidi ya 115 alasiri ya jua kule Muze. Dereva asiyejua hupunguza upepo, akidhani umezidi. Apandapo mlima usiku, baridi humkuta na tairi lililopungukiwa.

Matairi pacha ya nyuma yahitaji macho zaidi. Likiisha upepo moja, mwenzake hubeba mzigo wa wawili bila kulalamika, na dereva hajui mpaka la pili lipasuke. Nalo jiwe lililonasa kati yake huzikata mbavu zote mbili. Nyumba ikikaa masika yote pasipo kwenda, na iinuliwe juu ya magogo imara ili matairi yasilale upande mmoja, yajazwe upepo wake kamili, kisha yafunikwe kwa turubai yasipigwe na jua.