Fumbo na Utata: Asili ya Neno na Wajibu wa Mhakiki

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, istilahi "fumbo" na "utata" hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja: usemi usio wazi. Makala hii inadai kwamba asili ya maneno hayo inayatenganisha, na kwamba kuyachanganya huwadhulumu washairi.

"Fumbo" latokana na kitenzi cha Kibantu -fumba, yaani kufunga kilichokuwa wazi: mtu hufumba macho au kinywa. Kinyume chake ni -fumbua. Hivyo fumbo lina mfumbaji, lina aliyefumbiwa, na lina anayetarajiwa kulifumbua. Methali "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua" inawagawa wasikilizaji vivyo hivyo. "Utata", kwa upande wake, latokana na mzizi wenye taswira ya uzi uliosokotana, na uzi waweza kutatana pasipo mtu kukusudia.

Historia ya ushairi wa Mombasa yaithibitisha tofauti hii. Muyaka bin Haji alitunga wakati Wamazrui wakishindana na Seyyid Said, aliyeutwaa mji mwaka 1837. Mafumbo yake yalifumbuliwa na wenyeji walioyajua matukio. Mwishoni mwa karne ya 19, W. E. Taylor alipoyakusanya mashairi hayo, alimhitaji Mwalimu Sikujua, si kwa maneno tu bali pia kwa maelezo ya mazingira ya utunzi. Bila maelezo ya namna hiyo, msomaji wa diwani iliyochapishwa mwaka 1940 angeona utata mahali palipokuwa na fumbo.

Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", aliurithi utamaduni huo. Katika shairi "Mamba", lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973), ubeti wa kwanza unatumia vitenzi vyote viwili, kufumba na kufumbua. Mshairi anatangaza kwamba amefunga kwa makusudi, na kwamba ufunguo upo. Kuliita shairi hilo "tata" ni kumwondoa mfungwa, na aliyemfunga, katika maana yake.

Basi swali la mhakiki lisiishie kwenye maana ya shairi. Aulize pia: limefumbwa dhidi ya nani, na nani aliaminiwa kulifumbua?