Ardhi Iliyokosa Pumziko: Habari za Mahindi, Mikunde na Mbolea

Historia ya watu haiandikwi kwa majengo na majina ya viongozi peke yake. Huandikwa pia kwa chakula kilichowalea. Katika Mbalibali, kama katika nchi yote ya Serengeti na Tarime, chakula hicho zamani kilikuwa ugali wa ulezi na mtama. Wazee walilima shamba kwa misimu michache, kisha wakaliacha liote nyasi na vichaka hata lirudishe nguvu, nao wakafungua jingine. Mwaka wa pumziko la ardhi unaoagizwa katika kitabu cha Mambo ya Walawi haukuwa fikra ngeni kwao.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu wa Mkoa wa Mara katika vijiji vya kudumu. Kusudi lilikuwa kuwasogezea shule, maji na zahanati. Lakini mashamba yaliyo karibu na makazi sasa yalilimwa kila mwaka, nayo mahindi yakazidi kushika nafasi ya ulezi na mtama. Baada ya ukame wa miaka ile, Taifa lilianzisha Mradi wa Taifa wa Mahindi mwaka 1975, likahimiza mbegu bora na mbolea ya bei ya ruzuku. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1972. Ilitarajiwa kwamba mbolea ingefanya kazi iliyofanywa zamani na pumziko.

Mahindi hula sana naitrojeni. Kila gunia la kilo 100 huondoka shambani na naitrojeni ipatayo kilo moja na nusu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, lakini si yote ifikayo kwenye mmea. Nyingine huchukuliwa na mvua, nyingine hupotea hewani.

Kisha msaada ukapungua. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ruzuku ilikuwa imeondolewa. Mkulima mdogo akabaki na shamba lisilo na pumziko wala mbolea. Ruzuku ilirejea kwa vocha mwaka 2008, ikakoma, ikarudishwa tena mwaka 2022. Anayeitegemea hiyo peke yake hupanda na kushuka pamoja nayo.

Njia ya pili haitegemei duka. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel wa Ujerumani alieleza kwamba jamii ya kunde hupata naitrojeni kutoka hewani, kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vifundo vya mizizi. Kunde, karanga au choroko zikitangulia, mahindi ya msimu ufuatao huikuta ardhi ina afya zaidi, ilimradi mabua na majani yake yasichomwe moto. Aidha, karanga na kunde huamsha mbegu za kiduha, lile gugu linyonyalo mizizi ya mahindi. Mbegu zikiota bila kupata mahindi, hufa.

Hata hivyo mikunde haiondoi haja ya mbolea yote, hasa pale nafaka inapouzwa mbali na kijiji. Mzunguko wa mazao huifanya mbolea kidogo itoshe. Samadi ya zizini huilinda ardhi isichakae. Wazee waliipumzisha ardhi kwa kuhama. Wajukuu wao, wasio na mahali pa kuhamia, hawana budi kuipumzisha kwa kubadili wanachopanda.