Tarehe 15 Aprili

Bibi yangu hajui siku aliyozaliwa. Anachojua ni kwamba kimbunga kilipopiga Lindi yeye alikuwa chuoni, amefika juzuu amma. Utotoni nilidhani kimbunga hicho ni cha hadithi, kama zimwi. Shuleni tuliambiwa pwani yetu haina vimbunga, na mwalimu hakukosea sana. Karibu na ikweta dhoruba hukosa ule msukumo wa dunia unaoifanya izunguke, na Madagaska nayo hutukinga na nyingi zinazotoka mashariki. Nyingi, si zote.

Kimbunga cha bibi kilipiga tarehe 15 Aprili 1952. Nilipoitafuta tarehe hiyo vitabuni nikakutana na nyingine: 15 Aprili 1872, miaka 80 kamili kabla yake, kimbunga kilipita Unguja. Seyyid Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Meli zake ziliangamia bandarini. Ile Glasgow aliyoiagiza Uingereza kuziba pengo ndiyo Waingereza hao hao walikuja kuizamisha mwaka 1896. Mikarafuu ya Unguja iling'oka, mashamba kwa mashamba. Pemba ilinusurika, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu hadi leo. Nimekunywa chai ya karafuu za Pemba maisha yangu yote bila kujua kwamba upepo wa siku moja una mkono wake humo. Kuhusu watu waliokufa, hasa watumwa waliokuwa wakiyalima mashamba yale, vitabu nilivyosoma vina maneno machache kuliko yanayohusu miti.

Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa onyo la Kimbunga Kenneth. Mtwara shule zilifungwa, watu wakahamia sehemu salama. Tarehe 25 Kenneth kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 2021 likaja onyo la Jobo, nacho kikafifia kabla ya kutudhuru.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Mei 2024, lilipotoka onyo la Hidaya, nilimpigia simu mjomba wangu, mvuvi wa Kilwa. Akacheka.

"Kenneth walisema hivyo hivyo, mjomba. Na Jobo. Safari hii wametuletea mwanamke."

Nilikasirika, lakini leo ningemtetea. Kila onyo ni siku mbili tatu bila kwenda baharini, na hasara hiyo inatoka mfukoni mwake. Onyo la 2019 halikuwa la uongo; Wamakonde wa upande wa pili wa mto wanajua. Ila hakuna aliyerudi kijijini baadaye kueleza kwa nini kimbunga kilipinda njia. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji. Nilimuuliza mjomba kamati yao iko wapi. Akaniuliza kama namaanisha ya shule au ya maji.

Aliyemgeuza ni mama yake. Bibi aliomba simu, akamwambia apandishe ngalawa juu kabisa, kwenye minazi, aifunge. Kisha akamwambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia katika matangazo yoyote: "Upepo ukinyamaza ghafla, mwanangu, usitoke. Unageuka. Baba yangu alitoka kuangalia paa, ukarudi kwa upande wa pili."

Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza babu mkubwa alikufaje.

Hidaya kilifika tarehe 4 Mei, kikapiga Mafia na Kilwa kikiwa kimeshapungua nguvu. Mvua zake zilikata barabara pale Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara hazikufikika kwa gari kutoka Dar es Salaam. Ngalawa ya mjomba ilibaki kwenye minazi. Ya jirani yake ilipatikana vipande.

Barabara ilipofunguka nilikwenda kumwona bibi. Aliniuliza upepo ulivuma kwa muda gani, na kama ulinyamaza katikati. Nikamwambia mjomba anasema haukunyamaza.

"Basi huo haukuwa wenyewe," akasema, akaendelea kuchambua mchele.