Ndengu Zinapopanda Lori

Mwezi wa Kwanza ukielekea kuisha, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kukatika, nyua nyingi kuzunguka Mtito Andei, huku Ukambani, huwa na turubai lililotandazwa juani. Juu yake pana maganda meusi ya ndengu, na watoto waliotoka shuleni wamepewa fimbo wayapige. Punje za kijani zinaruka, kuku wanafukuzwa, mama anapepeta kwa ungo. Siku ya soko mnunuzi anakuja na mizani ya kuning'iniza, magunia yanapanda lori, na jioni mama anarudi kutoka mjini na unga wa mahindi, mafuta ya kupikia na sukari. Mtoto aliyepiga maganda yale amefundishwa somo zima bila mwalimu: ndengu ni pesa, na chakula ni kile kinachotoka dukani.

Simlaumu mama. Karo hailipwi kwa ndengu za kuchemsha. Hata serikali zetu za kaunti zinafundisha hivyo hivyo; ng'ambo ya mto Athi, Gavana Charity Ngilu wa Kitui alipowahimiza wakulima mwaka 2018 wapande ndengu kwa wingi, hoja ilikuwa soko. Lakini Wakamba ni watu wanaozipa njaa majina, na mojawapo ya njaa za miaka ya 1980 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika. Kilichoshikwa mkononi kilikuwa pesa. Chakula cha kununua ndicho kilichokosekana.

Kwa hiyo bustani ya shule katika ukanda huu ina kazi yake ya pekee, na ndipo ninapotatizika kila ninaposoma habari za bustani za shule za kwingineko. Iliyosifiwa kuliko zote iko Berkeley, California. Mwaka 1995 Alice Waters, mwenye mkahawa mjini humo, aliianzisha katika shule ya kati ya Martin Luther King Jr.; lami ikang'olewa, mboga zikapandwa, na pakawekwa jiko la kufundishia. Ni kazi nzuri. Ila ilikusudiwa watoto ambao udongo ulikuwa umewapotea. Watoto wa Mtito Andei udongo wanauosha miguuni kila jioni. Wao wanachohitaji kukiona ni njia fupi ya kutoka shambani hadi kwenye sahani, isiyopitia kwenye lori.

Sisi Wakenya tulikuwa na chombo cha kazi hiyo tangu 1962: vilabu vya kilimo vya 4K. Mfano wake ulitoka Marekani, kwenye vilabu vya vijana vya 4-H, ambako H nne zinawakilisha maneno yao ya kichwa, moyo, mikono na afya. Tulipozigeuza kuwa K nne tukapata Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Hesabu mwenyewe. Mikono imebaki ndani ya kufanya, moyo labda umo ndani ya kuungana, ila afya iliachwa njiani na taifa likakaa mahali pake. Naelewa kwa nini, maana uhuru ulikuwa unabisha hodi na kila kitu kilikuwa cha kuijenga nchi. Hata hivyo matokeo yake nayakumbuka katika maonyesho ya kilimo: kabichi kubwa kama kichwa cha ndama, utepe, makofi, picha. Sikumbuki hata mara moja mtu akieleza kabichi ile ililiwa na nani.

Tanzania walilichukua jambo hili la kilimo shuleni kwa uzito kutushinda. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, ulitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na ulitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba hilo, si kutumwa tu. Ukiongea na waliosoma miaka iliyofuata, wengi wanakumbuka jembe zaidi ya maamuzi. Aliyechelewa alipelekwa shambani. Aliyepiga kelele darasani alipelekwa shambani. Tusijifanye watakatifu huku kwetu, tulifanya vilevile, bila hata waraka wa kuusingizia. Na mtoto aliyepanda mchicha kama adhabu huwezi kumwambia jioni kwamba mchicha ni mtamu.

Kidonda hicho ndicho alichokilenga Edward Mukiibi wa Uganda, mtaalamu wa kilimo, yeye na mwenzake walipoanzisha mradi wa bustani za shule huko Mukono mwaka 2006. Walipanda mboga na matunda ya kwao, wakataka mtoto aone fahari katika kulima, na mavuno yakapikwa na kuonjwa. Mwaka 2022 Mukiibi akawa rais wa Slow Food, chama cha kimataifa cha kutetea chakula cha asili. Wajapani nao wameshika upande wa jikoni. Sheria yao ya elimu ya chakula ya mwaka 2005 inauhesabu mlo kuwa sehemu ya malezi, na katika shule zao za msingi ni watoto wenyewe wanaovaa aproni nyeupe, wakapakulia wenzao na kufuta meza baada ya kula. Chakula cha mchana kwao ni kipindi kama hesabu.

Huku kwetu masomo haya mawili, la shamba na la jiko, yalitenganishwa kwa muda mrefu. Kilimo kilikuwa na kitabu chake, mapishi na lishe yakawa na chake, na ndani ya mtaala wa umilisi hali iliendelea hivyo hadi yalipounganishwa, miaka michache iliyopita, yakawa somo moja la Kilimo na Lishe. Wazazi walilalamikia mabadiliko mengi ya mtaala. Hili mimi nililipokea kwa mikono miwili.

Tatizo lililobaki ni la mbegu. Bustani nyingi za shule hapa hupandwa sukuma wiki na spinachi, mboga za nchi yenye baridi, na watoto wanaambiwa walete maji kwa vidumu vya lita tano kutoka nyumbani. Maji yenyewe yametoka mbali, mgongoni mwa mama au punda. Sukuma ikikauka, na hukauka, mtoto anaondoka na wazo kwamba lishe bora ni ya watu wenye mfereji.

Januari moja nilipita katika shule iliyo mbali kidogo na barabara kuu. Bango la bustani lilikuwa limepakwa rangi mpya, na chini yake palisimama mashina ya sukuma yaliyokauka kama vijiti vya kuwashia moto. Nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo humwagwa, kunde zilizojiotea zilikuwa zimetambaa hadi ukutani. Mpishi alikuwa akichuma majani machanga, mawili matatu kwa kila tawi ili mmea usife, akiyatia kwenye leso aliyojifunga kiunoni. Isyo ilikuwa inachemka, mahindi na maharagwe, na alitaka kuitia kijani.

Msichana wa Gredi ya 4 aliyeletwa kusaidia alimtazama.

"Mama, hizi nani alizipanda?"

"Hakuna, mwanangu. Zilianguka nikichambua."

Akamfundisha kukunja majani na kuyakatakata, na kwamba yanaingia mwishoni, isyo ikishaiva. Mwalimu alipokuja kuonja, msichana alikuwa na swali jingine: haya ayaandike kwenye kurasa za kilimo au za lishe? Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akamwambia ataandika baadaye, kwanza akanawe mikono, foleni ya chakula imeshaanza.